Ngara na Biharamulo: Karne moja ya wageni, jamaa, wakimbizi na ‘wahamiaji haramu’

Na Mwandishi Wetu

KITUO cha malori na mabasi kiitwacho Benaco, katika kata ya Kasulo wilayani Ngara, hakikupata jina lake kutoka kwa chifu, mto wala kilima. Benaco ni jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyojenga barabara ya kuelekea Rusumo na kuweka kambi ya wafanyakazi wake mahali hapo. Wajenzi waliondoka, jina likabaki. Mwaka 1994 likawa jina la kambi ya wakimbizi iliyotajwa duniani kote, na leo ni jina la mji mdogo wenye maduka, nyumba za wageni na madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Kigali au kuingia barabara ya Dar es Salaam.

Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, kupewa jina si jambo dogo. Kwa muda wa karne moja, mtu aliyevuka kutoka upande wa pili wa mpaka ameitwa jamaa, manamba, mkimbizi, raia na hatimaye mhamiaji haramu. Mara nyingi ni mtu yule yule, au mwanawe, au mjukuu wake, na lugha anayozungumza haikubadilika. Kilichobadilika ni mpaka, sheria na hali ya hewa ya siasa. Asiyeifahamu historia hiyo atapata shida kuelewa kwa nini hadi leo mkazi wa Ngara anaweza kuzaliwa, kusoma na kuoa hapo hapo, kisha akatakiwa kueleza babu yake alitoka wapi.

Mpaka uliowakuta watu

Kabla ya kuja kwa wakoloni, eneo linaloitwa Ngara lilikuwa na tawala mbili zinazojulikana zaidi: Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Upande wa mashariki, katika nchi ya Biharamulo, walikuwapo Wasubi na Wazinza. Kihangaza, Kishubi, Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha zinazokaribiana mno, kiasi kwamba wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Ndoa, mifugo na biashara vilivuka Mto Kagera na Mto Ruvubu bila kuulizwa kibali na mtu yeyote.

Mzungu wa kwanza kuacha kumbukumbu ya kuvuka Rusumo alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliyeingia Rwanda kwa njia hiyo mwaka 1894. Wajerumani walijenga boma Biharamulo, jengo ambalo lingalipo. Kwao mto huo haukuwa mpaka wa nchi na nchi, kwani Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Mambo yaligeuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo, yakaitwaa Rwanda na Burundi, yakaingia Biharamulo na kusonga mbele hadi Tabora. Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi kwa makubaliano ya Mei 1919 yanayojulikana kwa majina ya waliosimamia mazungumzo, Milner na Orts. Waingereza walitaka nafasi ya reli ambayo ingeunganisha maeneo yao kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika, hivyo wakapewa pia Gisaka, jimbo la mashariki mwa Rwanda. Reli haikujengwa, na ilipofika mwaka 1924 Gisaka ilikuwa imekwisha kurudishwa Rwanda. Bugufi haikurudishwa Burundi. Mwaka 1948 Mwami Mwambutsa wa Burundi aliwasilisha ombi Umoja wa Mataifa ili eneo hilo lirejeshwe kwake. Hakufanikiwa.

Hivyo Mhangaza wa Ngara ni Mtanzania kwa sababu kalamu ilipita upande wa magharibi wa nyumba ya babu yake. Jambo hili husahaulika kila msako wa wahamiaji unapotangazwa na lafudhi ya mtu kugeuzwa ushahidi.

Vibarua, malale na wafugaji

Kati ya miaka ya 1920 na 1950 njia za Ngara na Biharamulo zilijaa watu waliokwenda kutafuta kazi. Wabelgiji walitoza kodi na kuwalazimisha watu kufanya kazi za shuruti huko Ruanda-Urundi. Njaa nayo ilipiga mara kwa mara. Wanaume walitembea kwenda mashamba ya kahawa na pamba ya Buganda, ambako walilipwa vizuri zaidi. Wengine walibaki kwenye mashamba ya Wahaya huko Bukoba, na wengine walichukuliwa kwa mkataba kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Si wote waliorudi kwao. Baadhi waliomba shamba kwa chifu wa Tanganyika, wakapewa, wakaanza kulipa kodi na wakahesabiwa kuwa watu wa pale. Wakati huo kodi ilitosha kuwa hati ya uraia.

Biharamulo ilikuwa na historia yake. Ilikuwa nchi ya mapori na mbung'o, na malale yaliua watu wengi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha wananchi kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi maalumu ili pori lifyekwe na mbung'o wadhibitiwe. Matokeo yake ni kwamba maeneo makubwa yalibaki bila watu, na baadaye mengine yakawa hifadhi za wanyama. Ardhi hiyo iliyoonekana kuwa wazi ndiyo iliyowavuta wageni wa miongo iliyofuata, wakiwamo Wasukuma waliotoka Geita na Mwanza na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa, na Waha waliotoka Kigoma. Nao pia ni wahamiaji, ingawa hakuna anayewaita hivyo, kwa kuwa hawakuvuka mpaka wa nchi.

Muyenzi na ukarimu wa miaka ya Uhuru

Wimbi la kwanza la wakimbizi kwa maana ya sheria lilitokana na machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Watutsi walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Serikali changa ya Mwalimu Julius Nyerere iliwapokea, na katikati ya miaka ya 1960 makazi ya Muyenzi yalianzishwa wilayani Ngara. Hayakuwa kambi ya mahema. Kila familia ilipewa shamba, na shirika la wakimbizi la Kikristo la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilisimamia huduma kwa ushirikiano na serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Lengo lilikuwa wakimbizi walime, wajitegemee, na hatimaye makazi yao yawe vijiji kama vijiji vingine.

Utaratibu huo huo ulitumiwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, waliopelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, mbali na mpaka. Mwaka 1980 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wapatao 36,000 wa Rwanda. Katika Afrika ya wakati ule hatua hiyo haikuwa na mfano, na mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, inayotolewa kwa waliowatumikia wakimbizi.

Isidhaniwe kwamba ulikuwa ukarimu usio na masharti. Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya miaka hiyo iliipa serikali mamlaka makubwa ya kuamua mkimbizi akae wapi na afanye nini. Lakini ardhi ilikuwapo, wageni walikuja kwa idadi inayohesabika, na siasa ya Ujamaa na ukombozi wa Afrika iliwaona kuwa ndugu waliopatwa na msiba.

Saa 24 za Rusumo

Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi, miezi michache baada ya kuchaguliwa. Mamia ya maelfu ya Warundi walikimbia, wengi wakiingia Rwanda na wengine Ngara na Kigoma. Wengi walirejea kwao miezi michache baadaye, lakini mashirika ya misaada yalikuwa yamekwisha kufika na maghala yamefunguliwa.

Aprili 6, 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Kwa wiki kadhaa Mto Kagera ulichukua maiti kutoka Rwanda, zikapita Rusumo na kufika Ziwa Victoria. Wakazi wa kando ya mto walizika walizoweza kuzitoa.

Kisha, Aprili 28 na 29, daraja la Rusumo lilipokea umati ambao UNHCR ilikadiria kuwa watu 250,000 katika muda wa saa 24. Shirika hilo halikuwahi kushuhudia watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi hiyo. Walikuwa hasa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF yaliyokuwa yakisonga mbele. Waliweka silaha chini mpakani, mapanga yakarundikana, wakaendelea hadi penye bwawa dogo karibu na iliyokuwa kambi ya Waitaliano. Katika wiki chache Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Kambi nyingine zilifunguliwa Lumasi, Musuhura, Lukole na Kitali, na nyingine huko Karagwe.

Ni vizuri kuitazama idadi hiyo kwa macho ya wenyeji. Sensa ya mwaka 1988 iliihesabu Ngara nzima kuwa na watu wapatao 160,000. Wageni wa siku moja waliwazidi wenyeji wa wilaya nzima.

Miongoni mwa waliovuka walikuwamo walioua. Viongozi wa serikali za mitaa za Rwanda walikuja na watu wao, na mashirika ya misaada, yakitafuta njia rahisi ya kugawa chakula, yaliwatumia viongozi hao hao. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi, alikuwapo Benaco. Jaribio la kumwondoa kambini Juni 1994 lilizusha vurugu zilizowalazimisha watumishi wa mashirika kuondoka kwa muda. Baadaye alikamatwa Kongo-Brazzaville, akashitakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ilimpunguzia kifungo kutoka maisha hadi miaka 40. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo ng'ambo tu ya daraja, alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001 na hatimaye akahukumiwa kifungo cha maisha. Kundi la Ufaransa la madaktari wa MSF lilijiondoa likisema haliwezi kuendelea kuwahudumia wauaji pamoja na wahanga.

Kwa wenyeji, kambi ilikuwa neema na balaa kwa pamoja. Bei ya ndizi na maziwa ilipanda, na mkulima mwenye shamba kubwa alipata soko ambalo hakuwahi kuliota, pamoja na vibarua wa bei ndogo. Lakini kibarua Mtanzania, aliyekuwa akiishi kwa jembe lake katika mashamba ya wenzake, alikuta ujira umeshuka kwa sababu mkimbizi mwenye mgao wa mahindi angeweza kukubali malipo kidogo. Vijana waliojua Kiingereza waliajiriwa na mashirika, na walimu na wauguzi wakaacha vituo vyao kwenda kulipwa mara kadhaa ya mshahara wa serikali. Miti iliteketea kwa kuni na nguzo. Wanyama wa Pori la Akiba la Burigi waliwindwa kwa ajili ya kitoweo. Mazao yaliibwa shambani, na bunduki zikaanza kusikika katika wilaya ambayo polisi wake walikuwa wachache.

Kati ya mambo ya kudumu yaliyozaliwa na dhiki hiyo ni Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi. Ilikusudiwa kuwapa wakimbizi habari za kweli, baada ya redio nyingine huko Rwanda kuchochea mauaji. Wakimbizi walipoondoka ilibaki kuwa redio ya wenyeji.

Mlango unafungwa

Machi 31, 1995, Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Kwa nchi iliyokuwa na sifa ya Nishani ya Nansen, lilikuwa tangazo zito. Mapema Desemba 1996, serikali ya Rais Benjamin Mkapa pamoja na UNHCR iliwatangazia Wanyarwanda wote kwamba wawe wamerejea kwao ifikapo Desemba 31. Katikati ya mwezi huo, badala ya kuelekea Rusumo, maelfu kwa maelfu walifungasha na kuelekea mashariki, wakikusudia kupita mapori ya Biharamulo hadi Kenya, Malawi au popote. Wanajeshi na polisi waliwazuia na kuwageuza. Hadi mwisho wa Desemba takriban watu 480,000 walikuwa wamevuka kurudi Rwanda. Mashirika ya haki za binadamu yalilaani kwamba wengi hawakurudi kwa hiari. Huku Ngara, wenyeji walishusha pumzi.

Warundi walibaki. Lukole, yenye wakazi wapatao 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, iliendelea kuwa mji wa udongo na maturubai chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, ambayo ilikaza zaidi ya ile ya zamani. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini, na kilimo cha kujitegemea cha enzi za Muyenzi kilikuwa kimekwisha. Mtoto aliyezaliwa Lukole alikua akijua mgao, foleni na uzio usioonekana. Kambi hiyo ilifungwa mwaka 2008, baada ya amani kurejea Burundi.

Sensa zinaonyesha athari yake. Mwaka 2002 Ngara ilikuwa na watu zaidi ya 334,000, wakati Lukole ikiwa bado imejaa. Mwaka 2012 ilikuwa na takriban 320,000. Ni nadra wilaya ya vijijini Tanzania kupungua watu katika muda wa miaka kumi.

Operesheni Kimbunga

Miaka ya 2000 ilikuwa ya hofu barabarani. Kati ya Biharamulo na Ngara mabasi yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na polisi wenye silaha, kwani majambazi walijificha katika mapori na kuteka magari. Lawama ziliwaangukia ‘Warundi’ na ‘Wanyarwanda’, wakati mwingine kwa haki na mara nyingi bila ushahidi. Wakati huo huo wafugaji wenye makundi makubwa ya ng'ombe, wa ndani na wa nje, walikuwa wameingia katika mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, na ugomvi wa malisho na mashamba ukageuka ugomvi wa uraia. Mwaka 2006 maelfu walifukuzwa Kagera kuelekea Rwanda.

Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke kwa hiari ifikapo Agosti 11. Septemba 6 ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Uhusiano wa Tanzania na Rwanda ulikuwa mbaya tangu Mei mwaka huo, Rais Kikwete alipopendekeza Kigali ifanye mazungumzo na waasi wa FDLR. Serikali ilieleza kuwa operesheni ililenga ujambazi, silaha haramu na uvamizi wa hifadhi, na silaha zilikamatwa kweli.

Lakini katika msako waliingia pia watu walioishi nchini miaka 30 au 40. Walikuwapo walioolewa na Watanzania, na walikuwapo wenye kadi za kupigia kura. Baba alivushwa, mama akabaki na watoto. Ng'ombe na mashamba viliachwa mikononi mwa waliowahi. Huko Rwanda, waliofika bila kujua kijiji cha asili walipelekwa kambi ya Kiyanzi, wilaya ya Kirehe, ng'ambo ya Ngara. Baadhi walikuwa watu wa zama za Muyenzi au watoto wao, ambao uraia waliotangaziwa mwaka 1980 haukuwahi kufika mikononi mwao kama cheti.

Kwa mtazamo wa mwandishi, kosa la operesheni ile halikuwa kulinda mpaka, kwani kila nchi ina haki hiyo. Lilikuwa kuuliza swali la mwaka 1919 kwa haraka ya siku chache, na kumwachia balozi wa nyumba kumi, ambaye pengine ana mgogoro wa shamba na jirani yake, ajibu kwa niaba ya taifa.

Wilaya za leo

Biharamulo ya leo si ile iliyopokea wakimbizi. Eneo lake la Chato lilikuwa wilaya inayojitegemea kuanzia katikati ya miaka ya 2000 na mwaka 2012 likahamia mkoa mpya wa Geita. Dhahabu ya Tulawaka ilileta wachimbaji, na njia panda ya Nyakanazi, panapokutana barabara za Kigoma, Kahama, Mwanza na Rusumo, imevuta wafanyabiashara wa kila kabila. Sensa ya 2022 iliipa wilaya hiyo zaidi ya watu 450,000, kutoka takriban 323,000 mwaka 2012. Mapori ya akiba yaliyogombewa na wafugaji yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na kipande kingine cha ardhi kikafungwa.

Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, miaka mitatu tu kabla ya Kimbunga. Daraja jipya limejengwa Rusumo pamoja na kituo kimoja cha huduma za mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame. Maporomoko yenyewe sasa yanatoa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu. Burundi ilipochafuka tena mwaka 2015, waliokimbilia Kagera walipitishwa tu, wakapelekwa kambi za Kigoma. Ngara haikurudia kuwa na kambi kubwa.

Kinachobaki ni karatasi. Usajili wa kitambulisho cha taifa katika mikoa ya mpakani huhusisha mahojiano ya Idara ya Uhamiaji, na mwombaji huweza kuulizwa wazazi, babu na bibi zake walizaliwa wapi. Kwa mtu wa Dodoma, swali hilo hujibika kwa dakika moja. Mhangaza mzee ambaye hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na ambaye shangazi zake waliolewa Muyinga, inambidi alete mashahidi. Asiyekubaliwa hukwama kusajili laini ya simu na kufungua akaunti benki. Anayeona kwamba hana budi kuomba uraia wa tajnisi lazima kwanza akubali kuandikwa kuwa mgeni, katika kijiji ambacho baba yake na babu yake walizikwa.